Taa Nyekundu Isiyowaka: Neno kwa Wenye Pikipiki Kuukuu za Safari

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye wiki mbili zilizopita aliandika humu kwamba pikipiki kubwa za safari zilizotengenezwa miaka ya themanini zimebaki kuwa mzigo kwa wenyewe, kwamba umeme wake hauaminiki, spea zake ni za kuagiza, na mafundi waliozijua ama wamestaafu ama wametangulia mbele ya haki. Kuhusu spea sina ubishi naye. Kuhusu mafundi nitasema baadaye. Lakini kuhusu umeme ninapinga, na ninapinga nikiwa mtu aliyehangaishwa na umeme huohuo kwa miezi minne, akatoa zaidi ya shilingi laki tano mfukoni, na mwishowe akakuta kwamba kibovu kilikuwa glopu moja ndogo ambayo bei yake haizidi nauli ya daladala ya kwenda mjini na kurudi.

Pikipiki yangu ni BMW R80RT ya mwaka 1986, ambayo niliinunua hapa Moshi kwa mgeni mmoja aliyekuwa amemaliza mkataba wake wa kazi na hakutaka kusumbuka kuisafirisha kwao. Kwa asiyeijua, ni ile yenye silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia, ngao kubwa ya upepo mbele, tangi la lita 22, na shafti badala ya mnyororo. Injini za ukoo huo, zinazopozwa kwa upepo tu, zilianza kutoka kiwandani mwaka 1969 na zikaendelea hadi mwaka 1996, na ndugu yake mmoja, R80 G/S, ndiye aliyeshinda mashindano ya Paris–Dakar mwaka 1981. Mimi sikuinunua kwa sifa hizo. Niliipenda kwa sababu kabureta, vali na plagi zake zote ziko nje, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye kigoda anazifikia bila kuinama.

Mkasa wangu ulianza kwa betri kuwa dhaifu asubuhi. Nikibonyeza stata, injini inajizungusha kwa uchovu mara mbili tatu, kisha unabaki mlio wa relei peke yake. Fundi wa gereji moja ya mjini, kijana mwenye adabu na mkono mwepesi, akaniambia, "Mzee, betri imekufa." Nikanunua betri. Baada ya wiki tatu hali ikawa ileile. "Basi itakuwa regyuleta, mzee." Nikaagiza regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, nikaisubiri siku arobaini, ikafungwa, na hali haikubadilika, nikauziwa betri ya pili kwa maelezo kwamba ile ya kwanza ilikuwa feki. Wakati wote huo mimi, niliyelipwa mshahara kwa zaidi ya miaka thelathini kwa kazi ya kutafuta hitilafu katika laini za simu, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji nikinywa chai na kuitikia kila nililoambiwa.

Kila nilipoulizwa kama alteneta, yaani jenereta ya injini inayojaza betri, inachaji, nilijibu kwamba taa nyekundu ya chaji haiwaki, kwa hiyo alteneta ni nzima. Fundi naye alitazama dashibodi, akaona kweli haiwaki, akaridhika. Hapo ndipo tulipopotea sote wawili.

Siku moja nilipata habari ya msiba Korogwe, nikaondoka Moshi saa kumi alasiri nikiwa na betri mpya niliyoijaza chaji usiku kucha nyumbani. Mji wa Mwanga nilipita vizuri, Same nikajaza mafuta, na nilipofika Makanya jua lilikuwa limeshazama, nikawasha taa. Kilomita chache mbele yake niliona mwanga wa taa unageuka kuwa wa rangi ya kiini cha yai, halafu injini ikaanza kumisi kila nilipobonyeza breki, kwa sababu glopu ya breki nayo ilikuwa ikinyang'anyana umeme na koili inayotengeneza cheche za plagi. Nikazima taa, nikasogea taratibu nyuma ya lori hadi Hedaru, na hapo injini ikakata kauli.

Asubuhi, baada ya kuchaji betri dukani kwa mtu, nilimwendea fundi redio ambaye kibanda chake hakikuwa mbali na nyumba ya wageni niliyolala, nikamwomba aniazime multimita, kile kipimo cha umeme. Alikuja nayo mwenyewe. Tukapima betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.5, si mbaya. Tukawasha injini, nikaipandisha hadi mizunguko 3,000 kwa dakika: volti 12.1, na namba inashuka tukiitazama. Yaani injini inanguruma, alteneta inazunguka, na hakuna hata tone linaloingia kwenye betri. Nikazima. Nikafungua tena swichi ya ufunguo bila kupiga stata, na wakati nikiwa nahangaika na waya chini ya kiti, yule fundi redio, ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kufungua hata plagi ya pikipiki, akaelekeza kidole kwenye dashibodi na kuuliza, "Hii ya oili inawaka, hii ya nyutro inawaka. Hii nyingine yenye alama ya betri si ingewaka nayo?"

Naomba wasomaji waniruhusu nikae hapa kidogo, maana swali hilo ndilo barua yangu yote.

Alteneta ya pikipiki hii haina sumaku ya kudumu. Rota yake ni koili ya waya inayogeuka kuwa sumaku pale tu inapopitishwa umeme, na umeme wa kuanzia unatoka kwenye betri, unapita kwenye swichi ya ufunguo, unapita ndani ya ile glopu nyekundu ya dashibodi, unakwenda kwenye regyuleta, unaingia kwenye rota kwa njia ya brashi za kaboni, kisha unarudi kwa ethi, yaani kwenye betri kupitia chuma cha pikipiki. Ndiyo maana ukifungua ufunguo taa ile inawaka: inakuonyesha kwamba njia nzima iko wazi. Injini ikishachangamka, alteneta inajilisha yenyewe kupitia dayodi zake ndogo, vile vifaa vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, volti za pande zote mbili za glopu zinakuwa sawa, na taa inazimika. Sasa glopu ikiungua, au kishikio chake kikiota kutu, umeme wa kuanzia haufiki kwenye rota, nayo rota inazunguka bila kazi. Ni kama kuni zilizopangwa vizuri katika mafiga zikakosa kijinga cha moto. Taa haiwaki kabla ya safari, haiwaki safarini, na dereva anajiona yuko salama.

Tulichofanya Hedaru ni kuchomoa glopu ya kionyesho cha taa kubwa, ambayo kwenye dashibodi yangu ina umbo lilelile, tukaikwangua miguu kwa msasa mwembamba na kuihamishia kwenye tundu la taa ya chaji. Nilipofungua ufunguo, taa nyekundu ikawaka kwa mara ya kwanza baada ya sijui miezi mingapi. Nikapiga stata, nikaongeza mafuta kidogo, ikazimika. Multimita ikasoma volti 13.9. Yule fundi alikataa kupokea malipo, akapokea soda. Mazishini nilifika watu wakitoka makaburini.

Nimesimulia haya kwa urefu kwa sababu kosa la yule kijana wa gereji halikuwa uvivu wala utapeli. Yeye amekulia kwenye pikipiki za bodaboda, ambazo sumaku yake ni ya kudumu na haihitaji umeme wa kuanzia kutoka popote. Kwake taa ya chaji ni pambo, na kwa pikipiki anazozitengeneza kila siku yuko sahihi kabisa. Aliyepaswa kujua tofauti ni mwenye pikipiki.

Kwa hiyo mwenye BMW ya miaka hiyo ambaye betri yake inakufa kila baada ya siku chache, naomba asinunue chochote kabla ya kufungua ufunguo na kutazama taa hiyo. Isipowaka, aanze na glopu na kishikio chake, kisha brashi za kaboni, kisha rota. Ikiwaka lakini haizimiki injini inapoongezwa kasi, au ikabaki na mwanga hafifu, basi glopu ni nzima na ubovu uko mbele zaidi, kwenye brashi, rota, regyuleta au bodi ya dayodi. Na tafadhali, asikubali kuwekewa glopu ya LED mahali hapo kwa sababu tu inang'aa zaidi au haiungui upesi; LED inapitisha umeme kidogo mno kuiamsha rota, na atakuwa amejitengenezea ugonjwa wangu kwa pesa yake.

Kuipima rota ni kazi ya dakika kumi, ila ina masharti mawili ambayo nimeona yakipuuzwa. La kwanza ni kwamba kabla ya kufungua bolti hata moja ya kifuniko cha mbele cha injini, waya hasi wa betri uchomolewe, kwa kuwa nyuma ya kifuniko hicho ipo bodi ya dayodi yenye umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, na kifuniko kikiigusa wakati wa kukitoa, cheche moja inatosha kuiunguza bodi ambayo ilikuwa nzima. Kifuniko kikishatoka, nyanyua brashi, weka ncha mbili za multimita kwenye pete mbili za shaba za rota. Usomaji wa omu 3 hivi, au zaidi kidogo kulingana na aina ya rota, ni wa afya; multimita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya wa ndani umekatika, jambo ambalo ni la kawaida kwa rota zilizokaa miaka mingi kwenye joto la injini. Kati ya pete na mwili wa rota pasiwe na njia yoyote. La pili ni kwamba rota imekazwa kwenye ncha ya kranki, shafti kuu ya injini, iliyochongwa kwa mteremko, na inatolewa kwa pini ngumu ya chuma inayosukumwa na bolti yake, pole pole, hadi iachie kwa mlio. Ukimwona fundi ameshika nyundo na patasi, mshukuru, mlipe nauli yake, na uirudishe pikipiki nyumbani kwa mkokoteni.

Bodi ya dayodi nayo ina ujanja wake. Kwenye pikipiki nyingi za miaka hiyo imeegemezwa juu ya vipira ambavyo, kwa joto na uzee, hukatika kimyakimya, na kwa kuwa bodi inahitaji ethi nzuri ili ifanye kazi, chaji inaanza kuyumba: leo ipo, kesho haipo. Wengi hubadilisha vipira hivyo kwa vishikio vya chuma, nami nimefanya hivyo, na sijajuta.

Nikija kwenye ethi, hapa ndipo nadhani pikipiki nyingi zinazoitwa mbovu zinapouawa bila hatia. Katika kazi ya simu hatukuvuta waya mpya kutoka mjini hadi kijijini kwa sababu mteja mmoja analalamika hasikii. Tulipima, tukagawa njia katikati, tukapima tena, mpaka tukafika kwenye kiungo kimoja chenye kutu. Pikipiki ni hivyohivyo, isipokuwa njia yake ni fupi zaidi. Waya hasi wa betri ya R80 umefungwa kwenye giaboksi, pale kebo ya spidi inapoingia, kwa bolti yenye tundu katikati. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibanio chake, na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mwambie mtu apige stata. Namba ikizidi nusu volti, umeme unapotelea hapo, na hakuna betri wala stata mpya itakayousaidia. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga. Bolti hiyo ikazwe kwa kiasi, maana ni tupu ndani na ikikatika utakuwa umejiongezea kazi.

Viungo vingi vingine vimekusanyika nyuma ya taa ya mbele. Vikishikwa na vumbi la barabara na unyevu wa masika kwa miaka thelathini na kitu, huota ule ukungu wa kijani, na dalili zake ni za kuchekesha mpaka zikukute usiku: indiketa ya kushoto inawaka ukibonyeza honi, au taa ya nyuma inafifia ukiwasha ya mbele. Mtu akiona mambo ya namna hiyo asitafute kifaa kilichoungua. Atafute ethi iliyolegea, kwa sababu umeme ukikosa njia yake ya kurudi huazima njia ya jirani.

Ugonjwa wa pili ninaousikia sana kutoka kwa wenye pikipiki hizi ni injini kuzima yenyewe ikishapata joto, mara nyingi baada ya mwendo wa saa nzima au mlima mrefu, kisha kuwaka bila tabu baada ya kupumzishwa dakika ishirini. Hapa wapo watuhumiwa wawili wanaofanana kama pacha, na kila mmoja anafungwa kwa kosa la mwenzake. Wa kwanza ni moduli ya moto, kifaa cha elektroniki kinachoamuru cheche za plagi, ambayo kwa matoleo ya kuanzia mwaka 1981 ilichukua nafasi ya pointi, ile swichi ya chuma ya kizamani. Imefungwa chini ya tangi juu ya bamba la kupozea, na kati yake na bamba pamepakwa dawa nyeupe ya kupitisha joto ambayo ikikauka moduli inachemka na kukata moto. Mtuhumiwa wa pili ni tundu la hewa la kifuniko cha tangi. Likiziba kwa vumbi, mafuta yanapotoka kwenye tangi hakuna hewa inayoingia mahali pake, ombwe linajengeka ndani, na kabureta zinakauka taratibu mpaka injini inazima; ukisubiri, hewa inapenya kidogo kidogo, mafuta yanashuka, inawaka.

Kuwatofautisha hakuhitaji kifaa chochote. Injini ikizima, usifungue chochote ila kifuniko cha tangi, na utege sikio. Ukisikia tangi linavuta pumzi, kosa ni la kifuniko. Kizibue kwa waya mwembamba uende zako. Usiposikia kitu, angalia bakuli za kabureta. Kwenye kabureta za Bing zilizofungwa kwenye pikipiki hizi kila bakuli limeshikiliwa na kibanio kimoja cha waya kinachosukumwa kwa kidole gumba, na hili, kwa maoni yangu, ni moja ya mambo ya busara zaidi yaliyowahi kufanywa na mhandisi wa pikipiki: unalishusha kama kikombe cha kahawa na kuona kwa macho yako kama kuna petroli, maji au mchanga. Bakuli likiwa limejaa petroli safi na injini bado imekataa, chomoa plagi, iegemeze kwenye silinda, piga stata. Hakuna cheche? Sasa ndipo una haki ya kuituhumu moduli. Ukiwa unaijaribu, hakikisha plagi zote mbili zimegusa chuma cha injini, kwa sababu moto wa elektroniki ukikosa pa kutokea unaweza kuiunguza moduli ambayo ilikuwa imechoka tu.

Injini inayomisi upande mmoja ina uchunguzi wake wa kizamani ambao baba wa mafundi wa hapa Moshi alinifundisha, na bado sijaona wa kuushinda. Washa injini ikiwa baridi, subiri nusu dakika, kisha nyunyizia matone ya maji kwenye mabomba ya moshi karibu na silinda. Upande ambao maji yanachemka na kutoweka ni mzima. Upande ambao yanateleza na kudondoka chini ndio mgonjwa. Hapo badilisha plagi kati ya kushoto na kulia. Ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza kazi. Ukibaki ulipo, fuata waya wa plagi na kofia yake, halafu kabureta. Ikiwa injini inatulia vizuri ikiwa chini lakini inakosa nguvu upande mmoja unapoongeza mafuta, fungua kifuniko cha juu cha kabureta na ukitazame kile kiwambo cheusi cha mpira kwa kukinyoosha mbele ya mwanga wa jua, kwa kuwa tundu dogo kama la sindano linatosha kukizuia kupanda.

Mengine ni ya kupitia upesi, si kwa sababu hayana uzito bali kwa sababu hayafichi sura yake. Vali za R80 zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.10 ya kuingiza na 0.20 ya kutoa moshi, na kelele kidogo ya vali ni jambo la kushukuru. Inayotisha ni ile inayonyamaza, maana nafasi imekwisha na vali inakaribia kuungua. Klachi ni kavu, ya sahani moja kama ya gari, kwa hiyo ikianza kuteleza nusa oili inayodondoka chini ya giaboksi kabla ya kununua sahani: ikinuka kiberiti ni oili ya gia, sili ya giaboksi imekwisha, isiponuka hivyo ni oili ya injini, na sili ya nyuma ya kranki ndiyo ya kubadilishwa. Sahani mpya juu ya sili inayovuja ni pesa uliyoitupa mtoni. Stata ikipiga kelele ya chuma kukwaruza au ikakwama ghafla, na ni ya Valeo kama zile za matoleo ya baadaye, uwezekano mkubwa ni kwamba sumaku zake zimebanduka gundi ndani.

Breki zinanitia hofu kuliko hayo yote, na ajabu ni kwamba hazilalamikiwi. Hozi ya mpira ya breki iliyokaa zaidi ya miaka ishirini inaweza kuonekana nzima kwa nje huku ndani imevimba. Ukibonyeza, mafuta yanapita kwa nguvu ya mkono wako, ukiachia hayana nguvu ya kurudi, na gurudumu linabaki limeshikwa mpaka diski inageuka rangi ya bluu. Watu hubadilisha pedi, wakabadilisha pistoni za breki, na hozi ikabaki ileile. Vivyo hivyo tairi: pikipiki ya safari inayotembea mara chache kwa mwaka inaweza kuwa na tairi lenye kashata ndefu, zuri machoni, ambalo limeshakuwa gumu kama kwato. Ubavuni mwake soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2311 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2011, na tairi la umri huo sitalipeleka hata Himo.

Nilisema nitarudi kwa mafundi. Msomaji mwenzangu anasema wanaozijua pikipiki hizi wamekwisha, nami namwambia kwamba aliyenitoa Hedaru alikuwa fundi redio. Kilichomwezesha si kuijua BMW. Ni mazoea ya kupima kwanza na kuuliza kwa nini taa moja kati ya tatu haiwaki. Gereji nyingi ninazozifahamu zina mashine ya kuchomelea, kompresa na televisheni, lakini hazina multimita, au ipo na betri yake ndogo ilikufa zamani, ilhali multimita ya kawaida inauzwa bei ya kilo chache za nyama. Na sisi wateja tunachangia, kwa sababu tunamlipa fundi kwa kifaa alichokifunga na hatuko tayari kumlipa kwa saa moja aliyotumia kutafuta ubovu. Kijana anayejua kwamba utafutaji haulipwi, atauza betri. Mimi siku hizi nikipeleka pikipiki gerejini ninapatana kwanza bei ya kupima, mbali na bei ya kufunga, na tangu nianze hivyo sijauziwa kitu nisichokihitaji.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Ukurasa wako wa vyombo vya moto hutoka kila wiki na picha za magari mapya ambayo wasomaji wengi hatutayakaribia. Naomba robo ya ukurasa huo itolewe kwa mafundi wenyewe, mmoja kila wiki, aeleze ubovu mmoja tu aliokutana nao: dalili zilikuwa zipi, alipima nini, namba zilisomaje, alikosea wapi kabla ya kupatia. Nadhani wenye Honda Gold Wing na wenye Yamaha kuukuu watakuwa na visa vyao ambavyo mimi sivijui, na ningependa kuvisoma.

Kwa upande wangu ninao mchoro wa waya wa R80RT, ambao nimeuchora upya kwa mkono katika karatasi kubwa na kuandika majina ya rangi za waya kwa Kiswahili, bluu ya taa ya chaji ikiwa nimeikoleza kwa kalamu ya wino mzito. Yeyote mwenye pikipiki ya aina hii aandike kupitia ofisi yako akiweka bahasha yenye anwani yake, nami nitamtumia nakala. Na yule msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita, kama pikipiki yake bado iko bandani na hajaiuza kwa kilo, naomba afungue ufunguo leo jioni na aniambie taa yake nyekundu inasemaje.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Fundi Simu Mstaafu,
Moshi.